Homa Imeondoka, Nguvu Hazijarudi: Somo Kuhusu Tiba ya Mazungumzo kwa Wanaosumbuliwa na Athari za Virusi

Wapo watu wazima ambao homa yao ilikwisha miezi mingi iliyopita, lakini afya yao haijarudi ilivyokuwa. Mkulima aliyezoea kupalilia alizeti tangu alfajiri hadi jua la saa sita, sasa huketi chini baada ya mistari michache. Kijana aliyekuwa akibeba viroba vya mawe ya dhahabu katika machimbo ya Sekenke hushindwa kupandisha ndoo ya maji hadi nyumbani. Mama anayeuza chakula kando ya barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, pale Shelui ambapo mabasi na malori husimama, husahau nani ameagiza ugali na nani ameagiza wali.

Mtu wa namna hii akipimwa malaria, hana. Akinunua dawa za taifodi bila kupimwa kwa uhakika, hapati nafuu. Nyumbani wengine husema ni uvivu, wengine husema ni mkono wa mtu, na wengine humaliza kwa kusema, "Ni mawazo tu." Baada ya muda mgonjwa mwenyewe huanza kujitilia shaka, mbuzi huuzwa mmoja baada ya mwingine kulipia dripu na dawa, na msimu wa kilimo hupita.

Somo hili lina hoja moja. Maradhi yanayobaki baada ya ugonjwa wa virusi ni maradhi ya kweli, na tiba ya mazungumzo ni msaada wa kweli kwa mwenye maradhi hayo. Tiba hiyo haitolewi kwa sababu mgonjwa anajisingizia. Hutolewa kwa sababu ugonjwa mrefu hulemea mwili, akili na kaya kwa wakati mmoja.

Maradhi haya si mapya

Tanzania ina historia yake katika jambo hili. Mnamo 1952 na 1953, katika nyanda za juu za Makonde kusini mwa Tanganyika, ulizuka ugonjwa wa homa kali na maumivu makubwa ya viungo. Wataalamu waliuchunguza, wakavipata virusi vyake, na ugonjwa ukapewa jina la chikungunya kutokana na neno la Kimakonde linaloeleza kujikunja, kwa jinsi wagonjwa walivyoinama kwa maumivu. Virusi hivyo huenezwa na mbu wanaouma mchana. Homa yake huisha kwa siku chache, lakini kwa baadhi ya watu maumivu ya vifundo na magoti hudumu kwa miezi, na wakati mwingine kwa miaka. Jina hilo la Kimakonde sasa hutumika duniani kote.

Mfano wa pili unajulikana karibu katika kila kijiji, nao ni mkanda wa jeshi. Virusi vya tetekuwanga havitoki mwilini mgonjwa anapopona. Hujificha katika mishipa ya fahamu na huweza kuamka baada ya miaka mingi. Malengelenge hukauka, lakini maumivu ya kuunguza yanaweza kubaki kwa miezi, hasa kwa wazee. Hakuna anayemwambia mzee wa mkanda wa jeshi kwamba anajisingizia, kwa kuwa watu waliyaona malengelenge yake kwa macho.

Mfano wa tatu ni UVIKO-19. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Wengi waliougua walipona kabisa. Wengine walibaki na uchovu, kukosa pumzi, moyo kwenda mbio, usingizi wa mang'amung'amu na ukungu wa fikra. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo rasmi ya hali hiyo: dalili huonekana kwa kawaida ndani ya miezi 3 tangu kuugua, hudumu kwa miezi 2 au zaidi, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Waliopona Ebola nchini Uganda na mashariki mwa Kongo nao wamekuwa na matatizo ya macho, viungo na usingizi, pamoja na huzuni ya kutengwa na majirani. Kwa sababu hiyo, huduma zilizoandaliwa kwa ajili yao mashariki mwa Kongo zilijumuisha uchunguzi wa mwili na msaada wa kisaikolojia.

Vipimo hutangulia mazungumzo

Maneno "hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza" yana uzito mkubwa katika eneo kama Shelui. Uchovu wa muda mrefu una visababishi vingi, na baadhi yake huua visipotibiwa mapema. Kabla ya mtu kuambiwa kwamba anasumbuliwa na athari za virusi, mambo yafuatayo hayana budi kuchunguzwa.

La kwanza ni kifua kikuu. Mchimbaji mdogo huvuta vumbi la mawe kila siku, na vumbi hilo hudhoofisha mapafu na kuyaweka katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, jasho la usiku, kupungua uzito na homa za jioni ni dalili za kupeleka makohozi kupimwa bila kuchelewa. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma.

Mengine ni maambukizi ya virusi vya UKIMWI, upungufu wa damu, kisukari, shinikizo la damu, magonjwa ya moyo na matatizo ya tezi ya shingo. Kwa wanawake, damu nyingi ya hedhi na ujauzito huulizwa pia. Mhudumu huuliza kuhusu pombe na kuhusu dawa ambazo mgonjwa amekuwa akijinunulia. Dawa za kuua bakteria hazina kazi dhidi ya virusi, na kuzimeza bila sababu huzifanya zishindwe siku zitakapohitajika kweli.

Maumivu makali ya kifua, kushindwa kupumua ukiwa umekaa, kuzimia, kukohoa damu au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili si mambo ya kusubiri. Mwenye dalili hizo hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa nini mazungumzo yatibu?

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa ugonjwa uko mwilini, maneno yanaufikiaje? Jibu lake linaonekana katika maisha ya kila siku.

Chukua mfano wa baba wa kaya aliyebaki na uchovu baada ya homa. Siku moja anaamka akiwa na nafuu. Kwa kuwa ameona aibu ya kukaa wiki nzima, anaamua kulima siku nzima ili kufidia. Siku mbili zinazofuata hawezi kuinuka kitandani. Akilala mchana, usiku usingizi haumjii. Usiku huo anawaza deni la kikundi cha kuweka na kukopa, ada ya mtoto na maneno ya ndugu. Mapigo ya moyo yanaenda mbio, naye anadhani moyo unasimama. Asubuhi amechoka zaidi ya jana, anawakaripia watoto, kisha anajilaumu. Polepole anaacha kwenda ibadani na msibani, maana hajui atawajibu nini watu.

Virusi ndivyo vilivyoanzisha safari hiyo. Hata hivyo, njiani yameongezeka mambo mengine: mpangilio mbaya wa kazi na mapumziko, usingizi ulioharibika, hofu, deni, aibu na upweke. Kila moja huukaza uchovu. Hakuna kidonge kinachoyafungua yote hayo, lakini mengi kati yake yanaweza kushughulikiwa na mgonjwa akisaidiwa na mtu aliyefunzwa kusikiliza na kupanga. Hiyo ndiyo kazi ya tiba ya mazungumzo. Wagonjwa wa saratani, kisukari na virusi vya UKIMWI nao hupewa ushauri nasaha, wala hakuna anayesema kwamba magonjwa yao ni ya kuwazia.

Kinachofanyika katika tiba

Tiba ya mazungumzo si mahubiri wala si karipio. Ni vikao vyenye mpangilio, mara nyingi kimoja kwa wiki kwa wiki kadhaa, vinavyofanyika faragha na kwa siri. Kazi yake huweza kugawanywa katika sehemu tano.

Sehemu ya kwanza ni kusikilizwa na kuaminiwa. Mgonjwa hueleza ugonjwa ulivyoanza na ulichomnyang'anya. Kwa wengi, hicho huwa kikao cha kwanza ambacho hakuna aliyewakatiza kwa kusema, "Jikaze."

Sehemu ya pili ni kupima nguvu na kuzigawa. Mtu mwenye afya ni kama mwenye kisima uani. Maji yakiisha huteka tena. Mgonjwa wa aina hii ana dumu moja la lita 20 kwa siku nzima. Akilimwaga lote asubuhi, jioni hana la kunywa. Kwa hiyo hujifunza kuligawa: kazi fupi, kisha kupumzika kabla ya kuchoka, kazi nzito moja kwa siku badala ya tatu, kukaa kwenye kigoda wakati wa kuosha vyombo au kuchambua mboga. Huandika katika daftari alichofanya na alivyojisikia siku iliyofuata. Asiyeandika anaweza kutia punje ya mahindi katika kopo kwa kila kazi, na kuzihesabu jioni. Baada ya wiki 2 huanza kuonekana ni kiasi gani cha kazi kinachomwangusha.

Sehemu ya tatu ni usingizi. Mgonjwa huamka saa ile ile kila siku, hupunguza kulala mchana, huacha chai kali na kahawa kuanzia alasiri, na hatazami simu akiwa kitandani. Mambo hayo ni madogo kuyataja, lakini yakishikwa kwa wiki kadhaa huleta tofauti.

Sehemu ya nne ni mawazo yanayoumiza. Mgonjwa hufundishwa kutambua wazo kama "Mimi si mwanaume tena" au "Watoto wangu wataniona mzigo," kisha kulichunguza: lina ukweli gani, na linaacha ukweli gani? Hofu ya mapigo ya moyo hupunguzwa kwa kumweleza mgonjwa kinachotokea mwilini, baada ya daktari kuthibitisha kwamba moyo ni salama, na kwa mazoezi ya kupumua polepole, akitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta.

Sehemu ya tano ni matatizo ya maisha. Deni halifutwi na mazungumzo, lakini linaweza kuorodheshwa, kupangwa na kupelekwa kwa mwenyekiti wa kikundi kuombewa muda. Mgonjwa na mshauri huchagua tatizo moja linaloweza kuguswa wiki hiyo, huweka hatua ndogo, na kikao kinachofuata huangalia ilikwendaje.

Ushahidi uliopo na mipaka yake

Nchini Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliwahusisha watu 114 waliobaki na uchovu mkali baada ya UVIKO-19. Nusu yao walipewa tiba ya mazungumzo inayoshughulikia mawazo na mienendo, na nusu waliendelea na matunzo ya kawaida. Waliopata tiba hiyo waliripoti uchovu mdogo kuliko wenzao. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini yalitokana na maelezo ya wagonjwa wenyewe, na hayathibitishi kwamba uchovu ulisababishwa na mawazo.

Swali kubwa kwa wilaya za vijijini ni jingine: nani atatoa tiba hiyo pale ambapo wataalamu wa saikolojia ni wachache? Afrika Mashariki na majirani zake wameshatoa jibu la kutia matumaini. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda, watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi waliongoza vikundi vya wenye sonona kwa wiki 16, na sonona ilipungua kwa kiwango kikubwa. Zimbabwe ilianza mwaka 2006 kuwatumia akina bibi waliofunzwa, wanaoketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Mbinu hiyo imefika Zanzibar pia. Jijini Nairobi, wahudumu wa afya wa jamii walifundishwa mpango wa vikao 5 ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani, na wanawake waliopitia magumu walipata nafuu. Miradi hiyo mitatu haikulenga athari za virusi. Ililenga sonona na msongo. Hata hivyo, inaonyesha kwamba msaada huu unaweza kutolewa kijijini, kwa lugha ya watu, bila jengo kubwa.

Ipo mipaka ambayo haifai kufichwa. Tiba ya mazungumzo haiondoi virusi wala haiponyi kila dalili. Humsaidia mgonjwa kuishi vizuri zaidi wakati mwili unaendelea kupona, na wengi hupona polepole kadiri muda unavyopita. Yeyote anayeahidi uponyaji kamili kwa wiki moja, awe na koti jeupe au tunguri, anauza ahadi asiyoweza kuitimiza.

Mpaka wa pili unahusu kujilazimisha. Baadhi ya wagonjwa huzidiwa siku moja au mbili baada ya kazi ndogo ya mwili au ya akili. Kwa hao, kuambiwa waongeze mazoezi kila wiki bila kujali hali zao kunaweza kuwadhuru. Mwaka 2021 mwongozo mpya wa Uingereza kuhusu ugonjwa wa uchovu sugu ulikataza mpango wa namna hiyo, na ukaeleza kwamba tiba ya mazungumzo hutolewa kama msaada, wala si kama dawa ya kuuponya ugonjwa. Lori linalopanda mlima Sekenke hutumia gia ndogo. Dereva anayelazimisha gia kubwa hukwama katikati ya kona.

Wajibu wa nyumba na jamii

Mgonjwa hukaa na mshauri saa moja kwa wiki. Saa nyingine zote hukaa na watu wake. Mwenzi wa ndoa anaweza kuuliza, "Baba, leo umeamkaje? Kazi ipi ungoje, na ipi nikupokee?" Swali hilo humpa mgonjwa heshima na huiruhusu kaya kupanga siku. Si vema kumnyang'anya kazi zote, kwa maana mtu mzima asiye na jukumu lolote hudhoofika moyo. Anaweza kutunza hesabu za mauzo, kusimamia masomo ya watoto jioni au kuchambua mbegu akiwa amekaa.

Viongozi wa kikundi cha kukopeshana wanaweza kuongeza muda wa marejesho kabla mambo hayajafika kwa mtendaji. Msimamizi wa duara la machimbo anaweza kumpa mgonjwa kazi ya juu badala ya kumshusha shimoni. Viongozi wa dini wana nafasi ya kuwaambia waumini kwamba kumwombea mgonjwa na kumpeleka hospitali havipingani. Waganga wa tiba asili, ambao wengi huwaendea kwanza, husaidia sana wanapomwelekeza mwenye kikohozi kirefu au mwenye kukonda aende kupimwa.

Mahali pa kuanzia

Mwananchi mwenye uchovu au maumivu yaliyodumu zaidi ya miezi 3 baada ya homa aanzie kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye. Aende na daftari lake, dawa zote anazotumia na, ikiwezekana, ndugu mmoja anayemwamini. Amweleze mhudumu mambo manne: ugonjwa ulianza lini, anaweza kufanya nini na hawezi nini, usingizi wake ukoje, na moyo wake ukoje. Jambo hilo la nne huachwa mara nyingi, kwa kuwa mgonjwa huona haya na mhudumu ana foleni ndefu. Lisipotajwa, halitibiwi.

Inapohitajika, mgonjwa hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya, Kiomboi, na kutoka huko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida. Kwa matatizo mazito ya afya ya akili ipo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, Dodoma. Maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri nao ni sehemu ya huduma hii, hasa pale ugonjwa ulipoleta mgogoro wa ndoa, kutelekezwa kwa watoto au umaskini wa ghafla.

Mtu akisema kwamba amechoka kuishi, au kwamba familia ingekuwa bora bila yeye, maneno hayo yasichukuliwe kuwa ni ya kutafuta huruma. Asiachwe peke yake, viuatilifu vya pamba na dawa ziondolewe mahali anapozifikia, na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kumuuliza kwa upole kama anafikiria kujidhuru hakumpi wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo.

Maswali ya kujadili katika familia, vikundi na mikutano ya kitongoji

1. Je, katika kaya au kitongoji yupo mtu anayeitwa mvivu ambaye hajawahi kupimwa kifua kikuu, damu na sukari?
2. Kwa nini mzee mwenye mkanda wa jeshi huaminiwa upesi, ilhali mwenye uchovu baada ya homa haaminiwi?
3. Mgonjwa akiwa na nguvu za dumu moja kwa siku, ni kazi zipi za nyumbani zinazoweza kupokewa na wengine, na ipi abaki nayo ili aendelee kujiona mtu wa kaya?
4. Kikundi cha kuweka na kukopa kina utaratibu gani kwa mwanachama anayeugua kwa muda mrefu?